Masika ya Mguu wa Bibi Batuli

Jumatatu, 10 Machi

Naitwa Yunusu. Daftari hili likiokotwa na mtu, ajue limeandikwa na mwosha pikipiki namba moja wa Kivinje. Si majivuno, waulizeni bodaboda. Chuma kikija kwangu na tope la Kikole mpaka kwenye taa, kinatoka mwenyewe anakipita hakitambui. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha mimi, hatujakubaliana bado.

Daftari kanipa Nesi Apolonia wa zahanati, Mmatumbi wa Kipatimu, mfupi, anaongea kama anachimba mihogo. Leo alikuja kumwona bibi yangu, Bibi Batuli, aliyemzaa marehemu mama. Bibi ana matende mguu wa kulia tangu sijazaliwa. Ningeambiwa niuchore ningechora kinu halafu nikaongeza vidole.

Nesi kasema wazi: mguu haurudi ulivyokuwa. Ila homa ya mguu inazuilika. Mwaka jana ilimshika mara nne, na kila ikimshika mguu unanenepa. "Ipo siku itaingia kwenye damu," akasema, "na siku hiyo hatutaongea tena habari za mguu." Dawa yake ni kuosha. Kila jioni, maji safi na sabuni, kila mkunjo wa ngozi, kila kati ya vidole, halafu kukausha kwa kitambaa mpaka usibaki unyevu. Ukiona ufa, hata mdogo, zahanati siku hiyohiyo, maana homa inaingilia hapo.

"Nani ataosha?" akauliza.

Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, ndiye mwenye nyumba. Akasema yeye ana vitumbua vyake alfajiri na futari jioni. Binti yake, Mastura, ni bi harusi mtarajiwa, anaolewa baada ya Idd, mikono yake inatunzwa kama mayai. Wote wakanigeukia.

"Si unaosha pikipiki wewe?" akasema mama mdogo.

Nyuma ya mlango wa bibi nesi kabandika karatasi yenye vyumba, chumba kimoja siku moja. Nikiosha naweka alama ya vema. Daftari ni la kuandika ninayoyaona ili macho yazoee. Kasema yeye hatalisoma. Kosa lake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeosha. Robo saa nzima nimeshikilia pumzi kama mzamiaji. Harufu ilikuwa kati ya vidole, pale pamekunjana.

"Mume wangu," bibi akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu natambaa, "usiponusa leo utanusa kesho. Vuta hewa, hutakufa."

"Mke wangu, hii harufu ina umri kuliko mimi. Naipa heshima yake."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akalalamika: yeye miguu anaiosha mara tano kwa siku kwa udhu, tangu msichana, hiyo sabuni ya nini tena. Nikamjibu kama nesi alivyonijibu mimi: udhu ni wake na Mungu, sabuni ni ya wadudu. Na akimaliza udhu akaushe vidole, maana anasimama kwenye sala na maji yamekaa humo humo.

"Kumbe Mmatumbi ndiye anatufundisha udhu siku hizi," akasema. Lakini nilimwona Alasiri anajipangusa kwa ncha ya kanga.

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha. Nimefunga pia, karibu siku nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeosha. Mvua. Pikipiki kumi na moja.

Jumanne, 18 Machi

Nimeosha. Leo nimevuta hewa, sikufa.

Alhamisi, 20 Machi

Wenye matende hukutana zahanati kila Alhamisi, wakae kwenye mabenchi na mabeseni yao, nesi awaonyeshe. Nimempeleka bibi kwa pikipiki ya mteja, mwenyewe hajui. Tulikuta watu saba. Mmoja ni jirani yetu Mzee Bakary, seremala wa zamani, anaishi peke yake nyuma ya kwetu, miguu yote miwili. Akitembea unadhani watu wawili wanahama na magunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye mwosha?"

"Ndiye mwenyewe."

"Mimi haya yangu ni madafu," akasema. "Ujana wangu nilikunywa madafu kupita kiasi. Maji yakashuka yakakaa."

Nesi akamwambia ni mbu, mzee wangu, mbu anakuachia vijidudu mwilini vinaziba njia za maji, ndiyo maana tunagawa vidonge kila mwaka na ndiyo maana ulale kwenye chandarua. Mzee Bakary akatikisa kichwa kwa adabu, halafu akaninong'oneza: "Madafu."

Jumatatu, 24 Machi

Nimeosha. Ngozi ya kisigino imelainika. Kati ya vidole pakavu. Harufu imekwenda, sijui imehamia kwa nani.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimeosha asubuhi ili jioni nitoke na shati jipya. Bibi kaniambia shati linanivaa mimi, si mimi ninalivaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nesi kapima kwa futi ya cherehani. Mguu umepungua upana wa vidole viwili. Kamsimamisha bibi mbele ya kundi, kawaambia: huyu hajapata homa tangu tuanze, mtazameni, mguu mkavu, hauna ufa. Kila mtu akainama kuutazama mguu wa bibi yangu kama wanatazama televisheni.

Mimi nikasimama nyuma nikasema, "Mikono hii." Ikabidi wajue.

Mzee Bakary kaomba kipande cha sabuni. Kasema naye anaanza leo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeosha. Bibi katembea mwenyewe mpaka dukani na kurudi. Wanawake walisimama milangoni. Alipofika akakaa kigodani, akasema, "Kumbe Sihaba naye kazeeka." Sihaba mwenye duka ni jirani wa nyumba tano. Hawajaonana miaka mingapi, sikuuliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Kumbe sikuwa namjua mke wangu. Leo Mastura kaja kukaa mkekani wakati naosha, akasema, "Bibi, nataka wewe uwe somo yangu."

Bibi akaurudisha mguu ndani ya kanga na sabuni yake yote.

Nimeambiwa habari ambayo nyumba nzima inaijua isipokuwa mimi. Bibi Batuli alikuwa somo anayegombewa. Binti haolewi Kivinje hii bila yeye kumfunda, na kwenye ngoma ya wanawake yeye ndiye anayetangulia kuimba. Mguu ulipoanza, watu wakasema katupiwa kitu na mwanamke aliyemzidi kete. Halafu wakasema bi harusi akifundwa na mwenye mguu ule, naye utampata. Hawakumfukuza. Waliacha tu kumwita. Miaka kumi na tisa.

Mama mdogo hakupenda. "Wakwe wanatoka Mingoyo, watu wa maneno. Mama akae ndani, tutamletea pilau." Anasema mbele ya mama yake, huku anahesabu bakuli. Nilimchukia pale pale.

"Kama bibi yuko ndani, na mimi nipo ndani," Mastura akasema. "Waoe bakuli."

Jumapili, 13 Aprili

Nimeosha. Bibi anaimba wakati naosha, chini chini, maneno mengine hayafai masikio yangu. Nikamwambia. Akasema masikio yangu yakome kusikiliza.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeosha.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeosha. Mvua siku ya tatu haikatiki. Pikipiki zinapanga foleni mpaka barabarani. Nilimwosha mbiombio, kukausha nilikausha juu juu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeosha mbiombio.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimeona ufa. Kati ya kidole cha nne na kidole kidogo. Mfupi kama punje ya mchele, pembezoni mweupe, umelowa. Nikagusa, bibi akavuta mguu.

"Nakupeleka kwa nesi," nikasema.

"Leo Jumatano. Kesho natiwa hina, kesho kutwa mwari anafundwa, Jumamosi harusi. Nikienda kwa nesi atanifunga bendeji niende harusini kama majeruhi. Jumapili utanipeleka."

"Kasema siku hiyohiyo."

"Yeye hajaambiwa na Zuhura akae ndani." Halafu akalegeza sauti. "Mume wangu, hina ni dawa. Mama yangu alikuwa akipasuka kisigino anapaka hina, panakauka. Itaukausha."

Nami nililijua hilo. Kila mtu huku anajua hina inakausha. Na ukweli mwingine ni huu, nauandika kwa kuwa hakuna wa kuusoma: nilikuwa na pikipiki tisa zinangoja, na Jumapili ilinifaa mimi pia.

Ijumaa, 25 Aprili

Jana mama mdogo kamtia bibi hina. Aliyesema akae ndani ndiye huyohuyo aliyepiga magoti. Sijui Mastura kamwambia nini, au ni aibu imemshika. Aliitwanga mwenyewe majani ya mhina wa uani, akakamulia ndimu, akampaka nyayo, vidole, kati ya vidole, akapanda mpaka juu ya kifundo, kote kule kulikovimba. Ndimu ilipofika kwenye ufa bibi akafumba macho. Mama mdogo akauliza, "Inauma?" Bibi akasema, "Inakolea."

Akamfunga nailoni na vitambaa akalala nayo hivyo. Leo asubuhi wamefungua. Sikiliza, nimeona pikipiki mpya zimetoka kwenye boksi, sijaona kitu kama kile. Mguu mzima mwekundu unaelekea weusi, unang'aa. Bibi alikuwa anautazama anaugeuza huku na huku kama kauokota njiani.

Nikaleta beseni. Wanawake wote wakanipigia kelele. Hina haioshwi kwa sabuni, itapauka. Siku tatu, nne, mpaka harusi ipite.

"Andika tu," bibi akaniambia, kaelekeza kidevu kwenye karatasi ya nesi. "Vyumba visikae wazi, Mmatumbi atagomba."

Nimeweka vema mbili, ya jana na ya leo. Kisha nikaenda kuosha pikipiki. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo humu.

Jumamosi, 26 Aprili

Harusi. Bibi kaingia ua wa wanawake kwa miguu yake. Nilikuwa napitisha sufuria ya pilau nikamwona. Wakwe wa Mingoyo waliutazama mguu, wakatazamana, na mmoja, mama mtu mzima mwenye dhahabu, akauliza, "Hina hii kaitia nani?" Mama mdogo akajibu, "Mimi." Akajibu kama mtu anayejibu hakimu na hana hatia.

Kisha bibi akaanza kuimba na wote wakaacha kutazama mguu. Nilisimama na sufuria mpaka ikaniunguza.

Nimeweka vema.

Jumapili, 27 Aprili

Bibi kalala. Kasema kuchoka. Nimeweka vema. Sikumpeleka kwa nesi, wageni wamejaa na kila mmoja ana pikipiki ya kuoshwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Anatetemeka. Nikaleta beseni, watake wasitake. Nikagusa goti: linachoma. Chini ya goti sioni kitu. Kwa kawaida homa ya mguu inaanza na wekundu, nesi katufundisha, unaona mstari unapanda. Sasa nitauonaje wekundu juu ya hina? Nikafungua vidole. Ule ufa sasa una ufa mwingine ndani yake, na harufu imerudi, si ile ya zamani, hii ina utamu.

"Nakwenda kumwita mama mdogo."

Akanikamata mkono. Sikujua bado ana nguvu zile. "Mastura yuko fungate. Siku saba. Wakwe wamelala humu. Ukipiga kelele leo watasema bi harusi wao kafundwa na mguu mbaya, umeanza kufanya kazi yake. Utamharibia. Ngoja waondoke Ijumaa."

"Nesi je?"

"Nesi ana mdomo."

Nikaosha polepole, maji ya vuguvugu. Hakusema kuwa inauma. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vyake, sijui dhikiri.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeosha. Hali ile ile. Nimemnunulia panado, nikamwambia mama mdogo bibi ana mafua.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeosha. Kala vijiko viwili vya uji.

Alhamisi, 1 Mei

Nimeshindwa kunyamaza nikaenda zahanati. Mei Mosi. Kundi halikukutana, nesi hayupo, kaenda Kipatimu kwao, barabara ya kule kwa mvua hii haijulikani atarudi lini. Kulikuwa na mlinzi anakula mihogo. Ningeweza kwenda hospitali nikawaita. Ningeweza kumwambia mama mdogo. Nilirudi nikaosha pikipiki mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Wakwe waliondoka jana asubuhi na Mastura wao. Walipotoka tu nikaingia kwa bibi, akanisalimia shikamoo. Mimi. Nikamwambia bibi ni Yunusu. Akasema, "Marahaba, babu hajambo?"

Nikapiga ukelele ambao hata mimi sikujua ninao. Mama mdogo akaja, akafunua kanga, akatazama. Hakuniuliza kitu. Bajaji ilikuwa imekwama njia panda kwa tope, haifiki kwetu. Yule mama akainama, akamweka mama yake mgongoni kama mtoto, akamfunga kanga, akatembea katika tope lile mpaka lami. Bibi ni mzito, na mguu peke yake ni mtu. Mimi nilibeba kandambili zao. Hicho tu. Yote niliyowahi kuandika humu juu ya mama mdogo nayafuta, ila kalamu haifuti.

Hospitali wamemtundikia dripu. Daktari kauliza lini imeanza. Mama mdogo kasema leo. Mimi nikatazama dirishani.

Jumatatu, 5 Mei

Nesi Apolonia kafika wodini, viatu vimejaa tope la kwao. Kabla hajakaa, mama mdogo akamtandikia kwenye benchi ile karatasi. Alikuwa kaibandua nyuma ya mlango.

"Tazama, dada. Siku hamsini na mbili. Kuna pengo hapo? Mtoto wa watu kainama kila jioni, kakusikiliza wewe. Na huyu ndiye mama yangu, huyu hapa. Miaka yote hatukumwosha kwa sabuni yako, alikuwa anaumwa anapona."

Nesi aliipitia karatasi kwa kidole. Mzee Bakary alikuwepo, kaja kumjulia hali, kakaa na miguu yake miwili mbele. Watu wa vitanda vya jirani nao masikio yako huku.

"Yunusu," nesi akasema. "Uliosha hizi siku zote?"

Mimi, mwenye mdomo. Mimi ninayeweza kumjibu askari wa barabarani. Nikainama kunyoosha shuka la bibi.

Bibi akafumbua macho. Leo alikuwa na akili zake. "Kaniosha," akasema. "Mume wangu hajakosa hata siku moja."

Nesi akaikunja karatasi, akasema hajui basi, pengine ngozi yenyewe ilikuwa imechoka. Nimemwona mtu anayejua kazi yake anasema hajui kwa sababu yangu. Mzee Bakary akaguna. "Sabuni inalainisha ngozi," akasema. "Nilisema mimi."

Jumanne, 6 Mei

Nilimkuta peke yake.

"Kwa nini umesema nilikuosha?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli. Nesi anabeba mzigo si wake."

Akafumba macho nikadhani kalala. "Nikisema hukuniosha, Zuhura atakuuliza kwa nini. Utasema hina. Hina kanitia nani?" Akanitazama. "Yule ni mwanangu. Alinipigia magoti siku ile, alikuwa hajanishika mguu tangu ulipovimba. Nimwambie nini sasa? Nesi atapata wagonjwa wengine. Zuhura atapata mama mwingine?"

"Mimi je?"

"Wewe una mdomo, utapona." Kisha akaomba maji.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepita zahanati kwa makusudi. Nesi kakaa peke yake na mabenchi matatu matupu, anapanga vipande vya sabuni kwenye boksi, anavitoa, anavipanga tena. Sikuingia.

Jumamosi, 10 Mei

Bibi Batuli kafariki jana, baada ya sala ya Ijumaa. Leo tumemzika.

Walimwosha uani nyuma ya turubai. Mwanamke anaoshwa na wanawake, najua, kila mtu anajua. Nilikaa upande wa pili wa turubai na wanaume. Nikawa nasikia maji. Kata moja, kimya, kata nyingine. Nilijua kwa sauti wanapoosha tumbo na wanapoosha nywele. Walipofika miguuni nilijua pia, kwa sababu maji yalichukua muda mrefu. Nilitaka kuwaambia kati ya kidole cha nne na kidole kidogo waende taratibu.

Walipotoka, Sihaba wa dukani alikuwa anajifuta mikono. Akasema, kwa upole, hakuwa na nia mbaya hata kidogo: "Hina ilimkolea, marehemu. Mpaka leo."

Mama mdogo alikuwa nyuma yake na ndoo. Akaitua ndoo. Akatazama viganja vyake, navyo vina rangi bado, mkono wa mwenye kutia hina haukosi rangi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Mama mdogo hajakaanga vitumbua wiki nzima. Leo nilikuwa natengeneza mnyororo, akaja akachuchumaa pembeni yangu, jambo ambalo hajawahi.

"Yunusu."

"Naam mama."

"Siku zile za hina. Uliweka vema. Ulimwosha kweli?"

Alikuwa hanitazami, anautazama mnyororo. Nilijua anachouliza na nilijua anaomba nini. Mimi katika maisha yangu nimesema uongo mwingi wa kujinufaisha, mwingine wa bure, kwa burudani tu. Huu ulikuwa wa kwanza kuniuma ukitoka.

"Nilimwosha," nikasema. "Usiku, mlipolala. Taratibu, hina isipauke."

Akasema, "Ahsante, mwanangu." Halafu akaenda, na nikajua hakuniamini, na nikajua hataniuliza tena.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda kwa nesi. Benchi mbili zilikuwa na watu wanne, akawahudumia mpaka wakaisha. Nikamwambia yote: ufa, hina, nailoni, vema za uongo nne, homa niliyoificha siku tano. Nikamwambia na kwa nini mama mdogo asijue.

Nilitegemea atanipiga kofi au atanihurumia. Hakufanya hata moja.

"Bibi yako angekuwa hai," akasema. "Sikuambii ili ulie. Nakuambia kwa sababu ndiyo hali halisi na wewe ndiye umeileta mezani kwangu. Sindano za siku tano, ufa ule ungefunga. Harusi angekwenda na bendeji."

"Alikataa bendeji."

"Ningeifunga chini ya kanga. Nani angeiona? Hamkuniuliza."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Usiku na mchana nimefikiria, hilo halikuwahi kunipita kichwani.

"Zuhura mwache," akasema. "Lakini kuna watu watatu walioacha kuosha kwa ajili ya karatasi yako. Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua sabuni haiui."

Jumatatu, 26 Mei

Wawili nimewafuata. Mmoja kanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nesi kanipa shilingi ngapi. Mwingine kacheka. Kasema Yunusu, wewe ulituambia umewahi kuosha gari la waziri. Ni kweli, nilisema hivyo.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepungua. Nimekwenda kwa Mzee Bakary.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pita, kama huogopi magunia."

Sikujua kwamba anajua ule utani wangu wa magunia. Nikamsimulia, nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akawa anakwangua ubao kwa kucha.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Basi umejisumbua. Mimi sikuacha kwa sababu ya Batuli."

"Wodini ulisema sabuni inalainisha ngozi."

"Nilisema. Ulitaka niseme nini mbele ya watu wale?" Akainama kunionyesha. Mkono ukashuka, ukapita goti, ukafika nusu ya muundi, ukagoma. Ukabaki unaning'inia pale, kidogo tu ufike, vidole vya seremala vikitafuta vidole vya mguu. "Sifiki. Siku ya kwanza tu niligundua sifiki. Nikawa naosha magoti. Kila Alhamisi nesi ananiuliza naendeleaje, namwambia vizuri. Sina mjukuu mimi. Batuli alipougua, nikapata sababu."

Nikamwuliza beseni liko wapi.

"Sitaki huruma ya mtoto muongo."

"Si huruma. Sina kazi jioni."

Akanitazama sana. "Kesho," akasema. "Na huo mdomo uuache kwenu."

Ijumaa, 30 Mei

Nimeosha mguu wa kulia wa Mzee Bakary. Wa kushoto kakataa, kasema mmoja unatosha kwa kuanzia. Ngozi ngumu, mikunjo minne, vidole vimebanana sana ikabidi nitumie kitambaa chembamba. Kati ya kidole gumba na cha pili kuna ufa. Nimemwonyesha, nikamwambia twende sasa hivi. Hakupenda kuambiwa. Kasema Jumatatu. Nikamwambia sitoki hapa. Tumekaa, mimi na yeye na beseni la maji machafu, mpaka akanyoosha mkono apewe fimbo yake.